Kasri la Mtoni: Nyumba Iliyobaki Kitabuni

Panda daladala ya Bububu, shuka Mtoni, kisha teremka kwa miguu hadi pwani. Utakuta kuta za mawe na chokaa, matao, na hamamu zilizokauka. Hapo ndipo alipozaliwa Sayyida Salme, bintiye Seyyid Said, mwaka 1844. Nilikwenda na kitabu chake mkononi, zile kumbukumbu alizozichapisha kwa Kijerumani mwaka 1886 kwa jina la Emily Ruete. Nilitaka kuona kama nyumba na kitabu vinaelewana.

Vinaelewana, lakini nusu. Salme anaisimulia nyumba kama mtoto anayekimbia ndani yake: tausi na paa uani, vyumba vya hamamu, baraza ya mviringo inayotazama bahari ambako baba yake alikuwa akitembea huku na huko. Ukisimama kwenye gofu, maneno yake ndiyo yanayorudisha dari. Kwa hilo kitabu hakina mshindani.

Ila hapo hapo ndipo ninapogombana naye. Anasema watu zaidi ya elfu moja waliishi Mtoni. Haya, wangapi wana majina? Wengi anaowataja ni wa ukoo wake. Nani alichoma chokaa? Nani alichota maji? Katika sura ya utumwa anautetea kabisa, akiwajibu Wazungu waliokuwa wakiulaani. Sura hiyo inauma, na isirukwe.

Nayasema haya kwa sababu ya ukarabati. Beit al-Ajaib, jumba la Seyyid Barghash la mwaka 1883, liliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 matengenezo yakiendelea, na watu wawili wakapoteza maisha. Tangu siku ile nasikia sana neno hili: majumba yetu yarudishwe kama yalivyokuwa. Yalivyokuwa kwa nani? Tukiijenga Mtoni kwa macho ya Salme peke yake, tutapata nyumba ya binti mfalme bila waliombebea maji.

Na mwenyewe anatufunza. Aliporudi Unguja mwaka 1885, baada ya miaka 19, aliikuta Mtoni imeshachakaa, na hakuificha hali ile. Kwangu hiyo ndiyo sura bora ya kitabu, maana hapo anaacha kupamba.

Basi kuta zishikizwe, nyufa zizibwe kwa chokaa, si saruji, na dari ibaki wazi. Kisomeni kitabu mkiwa mmekaa pale pale, halafu niambieni: nani mmemkosa?