Wino Mmoja, Mambo Mawili: Uhakiki wa Istilahi za Kuchapa Picha Nyumbani

Lipo neno katika Kiswahili cha uchapaji picha ambalo limebebeshwa mzigo usio wake, nalo ni "wino". Mtu aliyeweka printa ya picha nyumbani huenda dukani akaomba wino. Muuzaji humpa wino. Na katika kauli hizo mbili hapana aliyekosea. Lakini picha ya harusi iliyochapwa kwa wino huo na kutundikwa mkabala wa dirisha yaweza kupauka kabla ya mtoto wa kwanza wa maharusi kuanza shule, hali ile iliyochapwa na jirani, kwa kitu kiitwacho vilevile wino, imebaki na rangi zake. Zamani palikuwa na negativu ya kurudia. Siku hizi simu iliyobeba picha hupotea au huharibika, na nakala ya karatasi mara nyingi ndiyo pekee iliyosalia. Upungufu wa istilahi hapa una hasara inayoonekana kwa macho.

Vitu vilivyofichwa chini ya neno hilo ni viwili. Cha kwanza ni wino ambao rangi yake imeyeyuka kabisa katika majimaji, kama sukari katika chai. Ukidondoka karatasini huzama pamoja na majimaji yake. Rangi zake huwa kali na za kupendeza, na juu ya karatasi ing'aayo hauachi mabaka. Lakini rangi hiyo, kwa kuwa imetawanyika molekuli mojamoja, huvunjwa kwa urahisi na mwanga na gesi ya ozoni, na unyevu huweza kuitembeza. Cha pili ni wino ambao rangi yake ni chembe ngumu, ndogo mno, zinazoelea bila kuyeyuka. Majimaji yakishanyonywa, chembe hubaki karibu na uso wa karatasi. Mwanga ukiharibu sehemu ya nje ya chembe, ya ndani husalia. Ndiyo sababu wino huu kwa kawaida hudumu zaidi. Dosari yake ni kuwa juu ya karatasi yenye mng'ao mkali huweza kuonyesha mng'ao usiolingana, na uso wake hukwaruzika.

Wanaotaka kutofautisha viwili hivi huishia kusema "wino wa rangi" na "wino wa pigmenti". Istilahi ya kwanza haifai kabisa. "Rangi" kwetu ni jambo linaloonwa na jicho, ni kitu kinachopakwa ukutani, na ni dawa ya kutilia nguo. Zaidi ya hayo, "wino wa rangi" tayari ni kinyume cha wino mweusi, na mwenye duka atautoa kwa maana hiyo. Istilahi ya pili ina uhalali wa kisayansi, lakini haimwambii mnunuzi lolote asilokuwa akilijua. Neno la mkopo lina haki ya kukaa katika lugha pale linapokuja na maana yake. Hili limekuja peke yake.

Ajabu ni kwamba Kiswahili hakikosi malighafi. Mama atiaye batiki na fundi apakaye chokaa wanaujua utofauti huu kwa mikono yao: rangi ya batiki huingia ndani ya uzi, chokaa hukaa juu ya ukuta. Tunazo pia vitenzi viwili ambavyo lugha nyingi zingevionea wivu. Kanga ikifuliwa na rangi ikatoka, tunasema imechuja. Ikianikwa juani siku nyingi, tunasema imepauka. Picha nayo ina maradhi hayo hayo mawili, na mwandishi wa maelezo ya printa anayetumia "kufifia" kwa yote mawili ameacha kando zana bora iliyokuwa mkononi mwake. Kwa hiyo tunapendekeza "wino wa mmumunyo" na "wino wa chembe". Neno "mmumunyo" linatumika katika masomo ya kemia, na "chembe" halihitaji mwalimu.

Karatasi ina matatizo yake. "Karatasi ya picha" ni jina lililorithiwa kutoka chumba cha giza, ambako lilimaanisha karatasi yenye madini ya fedha isiyotakiwa kuona mwanga kabla ya wakati wake. Urithi wa namna hiyo si kosa; Watanzania wengi bado "husafisha picha" bila tone la maji, na hatuoni sababu ya kuwakataza. Kinachopungua ni kutaja utando uliopakwa juu ya karatasi. Upo utando wenye vitundu vidogo sana, unaonyonya wino na kukauka upesi, na upo utando unaovimba kwa majimaji kisha ukaifunika rangi ndani yake. Wa kwanza huufaa wino wa chembe. Wa pili huchelewa kukauka, lakini huukinga wino wa mmumunyo dhidi ya hewa. Mwaka 2000 baadhi ya wanunuzi wa printa za Epson Stylus Photo 870 na 1270 waliona picha zao zikigeuka rangi ya machungwa baada ya muda mfupi, hata zile ambazo hazikupigwa na jua. Ozoni ya hewani ilikuwa imepenya vitundu vya karatasi na kuiharibu rangi ya samawati iliyoyeyuka. Wino na karatasi vilikuwa vya kampuni hiyo hiyo.

Kuhusu uzito, kosa ni dogo: gramu 260 kwa meta mraba ni kipimo cha uzito, wala si cheti cha ubora.

Yapo pia majina yanayopamba. Mwaka 1991, huko California, mchapaji Jack Duganne wa Nash Editions alitafuta jina la picha zilizotolewa na mashine za Iris ambalo lisingenuka ofisi. Akaunda "giclée", kutokana na kitenzi cha Kifaransa cha kurusha majimaji. Jina hilo lilipendwa na wauza sanaa, hali wino wa awali wa mashine hizo ulikuwa wa mmumunyo na ulipauka upesi. Tabia hiyo hiyo tunaiona katika maneno "ya kudumu" na "ya hali ya juu" yanayobandikwa kwenye pakiti. Idumu wapi: gizani katika albamu, nyuma ya kioo, au wazi sebuleni? Kivumishi kisichojibu swali hilo hakistahili kuitwa istilahi.

Limebaki suala la nyeusi mbili. Printa nyingi za wino wa chembe hutumia nyeusi moja kwa karatasi ing'aayo na nyingine kwa isiyong'aa. Ukiitia hii ya pili juu ya karatasi ing'aayo, haishiki vizuri, na hutoka kwa kidole. "Nyeusi ya mng'ao" ni fupi, lakini yaweza kudhaniwa kuwa ni wino unaong'aa wenyewe. Kwa sasa tunatumia "nyeusi ya karatasi ing'aayo" na "nyeusi ya karatasi isiyong'aa", ingawa ni ndefu mno kwa kibandiko cha katriji, na mafundi wa picha wenye neno fupi zaidi wanaombwa walilete.