Sekunde ya Sitini

Wengi wanaokipenda kibao cha "Strawberry Fields Forever" cha The Beatles wanakijua kama wimbo mmoja wa dakika nne na ushei. Kumbe ni rekodi mbili. Zilipigwa wiki tofauti, kwa mwendo tofauti, kwa ufunguo tofauti na kwa vyombo tofauti, kisha zikakatwa kwa wembe na kuunganishwa pale wimbo unapofika sekunde ya sitini. Kazi hiyo ilifanyika tarehe 22 Desemba 1966 katika studio za EMI, Abbey Road, London, na walioifanya ni wawili: George Martin, mtayarishaji, na Geoff Emerick, fundi mitambo. Mtunzi wa wimbo huu amesifiwa vya kutosha, na anastahili. Mimi leo namsifu aliyeshika wembe.

Mwaka ule The Beatles walikuwa wameacha majukwaa. Onyesho lao la mwisho la kulipia kiingilio walilipiga Candlestick Park, San Francisco, tarehe 29 Agosti, baada ya kuchoka kupiga muziki ambao wao wenyewe hawausikii kwa mayowe ya mashabiki. John Lennon akaenda Almería, Uhispania, kuigiza katika filamu ya Richard Lester, na huko, kati ya saa ndefu za kungojea zamu yake mbele ya kamera, akaanza kutunga wimbo kuhusu mahali alipopajua utotoni. Strawberry Field ilikuwa nyumba ya watoto ya Jeshi la Wokovu mtaani Woolton, Liverpool, karibu na nyumba ya mama yake mkubwa Mimi aliyemlea. Kila kiangazi bustani yake ilifunguliwa kwa sherehe, na bendi ya Jeshi la Wokovu ikapiga matarumbeta, kama linavyofanya jeshi hilo hilo katika miji yetu.

Kazi ya studio ilianza tarehe 24 Novemba. Kwanza wakaupiga taratibu, kwa upole. Sauti za filimbi zinazofungua wimbo alizipiga Paul McCartney kwenye Mellotron, kinanda ambacho ndani yake hakuna nyuzi wala mabomba: chini ya kila kibonyezo kuna kipande cha tepu chenye sauti iliyorekodiwa tayari, inayodumu sekunde nane hivi kisha inaisha. Waliurudia, wakaacha, wakaurudia tena, hadi mkupuo wa 7 ukaonekana ndio wenyewe. Mtu anayetaka kujua jinsi mambo yalivyobadilika na akumbuke kwamba sehemu kubwa ya albamu yao ya kwanza, *Please Please Me*, ilirekodiwa kwa siku moja tu, tarehe 11 Februari 1963. Sasa wimbo mmoja ulikuwa unakula mwezi.

Lennon hakuridhika. Alitaka kitu kizito zaidi. Wakaanza upya tarehe 8 Desemba, jioni ambayo Martin na Emerick walikuwa wamekwenda kwenye uzinduzi wa filamu ya Cliff Richard, kwa hiyo kipindi kikafunguliwa na fundi mwingine wa nyumba ile, Dave Harries. Safari hii ngoma za Ringo Starr zilikuja kwa kishindo. Matoazi yalirekodiwa, kisha tepu ikageuzwa ili sauti itoke kinyumenyume: badala ya kulia na kufifia, inavimba na kukatika ghafla. George Harrison akapiga swarmandal, zeze la Kihindi lenye nyuzi nyingi. Martin, aliyesomea muziki katika chuo cha Guildhall na kupiga zumari la obo, akaandika sehemu za tarumbeta nne na chelo tatu, na wapigaji wakaja kuzirekodi tarehe 15 Desemba. Huo ndio ukawa mkupuo wa 26.

Ndipo Lennon alipotoa ombi lake. Anapenda mwanzo wa mkupuo ule wa kwanza, akasema, na anapenda mwisho wa huu wa pili. Iunganishwe. Martin akamweleza kwamba hayo ni mambo mawili yasiyokutana: ufunguo si mmoja na mwendo si mmoja. Lennon akamjibu kwamba ana hakika atalimaliza, akaondoka zake.

Ombi hili nalipenda kuliko sifa zote alizopewa Lennon. Hakujua kusoma nota, na mambo ya mashine hayakumhusu. Alijua tu anachotaka kusikia. Kusema kwamba haiwezekani kulikuwa rahisi kwa Martin, na angekuwa na sababu za kitaalamu za kuhalalisha jibu lake. Lakini alirudi kwenye mashine kutazama. Fundi wa kweli hamjibu mwenye kazi kabla hajapima.

Na alipopima, akakuta mlango. Tepu ikienda kasi, sauti hupanda. Ikienda polepole, sauti hushuka. Mwendo na ufunguo vimefungwa pamoja, huwezi kugusa kimoja usiguse kingine. Sasa, ule mkupuo wa 26 uliokuwa wa kasi zaidi ndio huo huo uliokuwa wa juu zaidi. Ukipunguza mwendo wake ili umfikie mwenzake, sauti nayo inateremka kuelekea pale pale panapotakiwa. Kama wa kasi ungekuwa wa chini na wa polepole ukawa wa juu, kazi ingeishia hapo, wala kubadili mwendo wa tepu kusingeiokoa. Ilikuwa bahati, ndiyo, ila ni bahati iliyomkuta mtu aliyekwisha kuinama kuitafuta.

Mota ya mashine ya tepu hufuata mizunguko ya umeme, ambayo Uingereza ni 50 kwa sekunde. EMI walikuwa na kifaa cha kubadili mizunguko hiyo, na kwa kukigeuza taratibu waliweza kuuchelewesha mkupuo wa pili na kurekebisha kidogo ule wa kwanza, wakisikiliza, wakirudia, mpaka masikio yakaridhika.

Kisha wembe. Waliofanya kazi redioni enzi za tepu, iwe Dar es Salaam, Nairobi au kwingineko, hawahitaji kuelezwa. Tepu ya rekodi ya mwisho ilikuwa na upana wa robo inchi na ilikimbia inchi 15 kwa sekunde, yaani sentimita 38. Dakika moja ya wimbo, kwa hiyo, ni karibu mita 23 za utepe wa kahawia. Fundi huyashika magurudumu mawili ya tepu kwa mikono, moja kushoto, moja kulia, na kuisogeza tepu mbele na nyuma polepole juu ya kichwa cha mashine. Sauti ya mwimbaji hugeuka mngurumo. Pigo la ngoma huwa kishindo kirefu kinachopita chini ya vidole. Anapopata ukingo wa sauti anayoitaka, anatia alama kwa kalamu ya nta mgongoni mwa tepu, anailaza kwenye mfereji wa kipande cha chuma, anakata. Hakati wima. Anakata kwa mshazari, ili sauti moja iondoke huku nyingine ikiingia. Emerick aliukata mshazari mrefu kuliko kawaida, kwa sababu rekodi mbili zenye vyombo tofauti zingegongana kama zingekutanishwa kwa ghafla. Kisha gundi, kisha kidole gumba juu yake. Kwa kipimo cha sentimita 38 kwa sekunde, kukosea sentimita chache ni kukosea pigo.

Mahali walipochagua ni katikati ya sentensi ya kiitikio cha pili. Lennon anaanza kuimba sentensi katika rekodi moja na kuimalizia katika nyingine, wiki mbili baadaye. Fundi cherehani hodari, akiunganisha vitambaa vyenye maua, huhakikisha ua lililokatwa nusu upande huu linakutana na nusu yake upande wa pili. Hapa ua lililokatwa lilikuwa pumzi ya mtu.

Ujuzi huu haukuzaliwa siku ile. Kabla ya The Beatles, Martin alitayarisha santuri za vichekesho za Peter Sellers na wenzake, kazi ambayo baadhi ya watu wa muziki wa heshima waliidharau. Huko ndiko alikozoea kukata tepu, kuigeuza, kuiharakisha, kutengeneza mahali pasipokuwepo kwa sauti peke yake. Emerick naye alikuwa ametimiza miaka 21 mwezi huo huo wa Desemba, na tangu Aprili alikuwa fundi mkuu wa rekodi za bendi hiyo, katika nyumba yenye kanuni kali ambako mafundi wa mitambo walivaa makoti meupe na umbali wa maikrofoni kutoka kwenye chombo ulikuwa na sheria yake. Alizijua sheria hizo vizuri, na ndiyo maana alijua ipi inavunjika bila madhara.

Kibao kilitoka Uingereza tarehe 17 Februari 1967, upande wa pili ukiwa na "Penny Lane" ya McCartney, nayo inahusu Liverpool ile ile. Filamu ya kukitangaza ilipigwa Knole Park, Sevenoaks, chini ya mti na piano iliyotandazwa nyuzi. Kipindi cha American Bandstand kilipoionyesha Marekani na Dick Clark akawauliza vijana maoni yao, wengi walikuwa na la kusema kuhusu masharubu ya wanabendi. Chati nayo ikatoa hukumu yake. Tangu "From Me to You" ya 1963, kila kibao kipya rasmi cha The Beatles kilikuwa kimefika nambari moja Uingereza. Hiki kiliishia nambari mbili, kikizuiwa na "Release Me" ya Engelbert Humperdinck. Marekani "Penny Lane" ikapanda hadi juu, na "Strawberry Fields Forever" ikasimama nambari nane. Kwa kuwa nyimbo hizo mbili zilikwisha kuuzwa peke yake, ziliachwa nje ya albamu ya *Sgt. Pepper*, jambo ambalo Martin alilijutia maisha yake yote.

Katika kelele zote hizo za masharubu na nambari, mshono haukutajwa. Wasikilizaji wengi walioununua wimbo huo waliupita kila siku bila kujua. Naona hapo ndipo wembe wa Emerick ulipopata tuzo yake, kubwa kuliko wiki yoyote ya kukaa kileleni.

Lennon mwenyewe hakutulia. Martin alisimulia kwamba miaka mingi baadaye, walipokutana, Lennon alimwambia angependa kurekodi upya kila walichokifanya, na alipoulizwa kama hata "Strawberry Fields", akajibu kwamba hiyo hasa. Namheshimu, ila hapo siko pamoja naye. Sanduku la *Sgt. Pepper* lililotolewa mwaka 2017 lina mkupuo wa 7 na mkupuo wa 26 kila mmoja peke yake, na yeyote anaweza kusikiliza. Wa kwanza ni mtamu na mpole, na kufikia mwisho umekwisha kusema yote uliyokuwa nayo tangu dakika ya kwanza. Wa pili, kwa mwendo wake wa asili, una haraka. Matarumbeta yanasukumana na Lennon anaimba kama anayekimbizwa. Uzito aliokuwa akiutafuta haumo katika wowote kati ya hiyo miwili. Ulikuja pale mota ilipopunguzwa mwendo, sauti yake ikateremka na kuwa nzito, ya mtu anayesema akiwa nusu usingizini, na chelo zikazama chini yake. Sauti ile Lennon hakuwahi kuiimba mbele ya maikrofoni. Ilitengenezwa na Martin na Emerick, kwa ajili yake, kwa sababu aliwaomba.