Kipimo cha 2004 Kilichopima Pasipohusika

Kila inapotajwa habari ya kupima jeni za uvimbe kabla ya kumchagulia mgonjwa wa saratani ya utumbo mpana dawa, watu hukimbilia kuisifu jeni ya KRAS. Sawa, isifiwe. Lakini mimi sijamalizana na Februari 2004, siku FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilipoipitisha dawa ya cetuximab na, siku hiyohiyo, kipimo cha EGFR cha kuandamana nayo. Dawa ilistahili kibali. Kipimo hakikustahili hata kuwekwa mezani.

Tuutazame uamuzi wenyewe taratibu. Masharti yalisema mgonjwa apewe dawa iwapo kipande cha uvimbe wake, kikishapakwa rangi maabara, kitaonyesha EGFR. Mwanapatholojia anainamia hadubini, anatafuta utando wa seli uliogeuka kahawia, anatoa alama: sifuri, moja, mbili, tatu. Ukipata sifuri, dawa huipati. Ukilitazama jambo juujuu linaingia akilini, maana cetuximab ni kingamwili inayoziba kipokezi cha EGFR, na pasipo kipokezi itaziba nini? Wanaonisoma siku zote wanajua nisivyovipenda vipimo vya kukadiria rangi kwa jicho, ila hapa jicho halikuwa na kosa. Kosa lilikuwa swali.

Majibu yalikuwa mikononi mwa FDA. Jaribio la BOND, lenye wagonjwa 329, ndilo lililobeba ombi la kibali. Liliwapokea wenye EGFR peke yao, na hata miongoni mwao aliyekolea kahawia hakuitikia dawa kuliko aliyefifia. Hili halikufichwa. Karatasi ya maelezo ya dawa ya mwaka huohuo ilikiri kwamba mwitikio haukwenda sambamba na ukali wa rangi wala wingi wa seli zilizoishika, kisha karatasi hiyohiyo ikaishikilia rangi kuwa tiketi ya kuingilia! Na wale wa sifuri? Hawakuwahi kujaribiwa humo. Walifungiwa nje ya utafiti, halafu kufungiwa kwao kukafanywa kanuni ya tiba. Mwaka 2005 Chung na wenzake wa Memorial Sloan Kettering walitoa taarifa ya wagonjwa 16 wa sifuri waliopewa cetuximab, wengi wao pamoja na dawa ya kemikali ya irinotecan. Wanne uvimbe wao ulinywea. Hiyo ni robo, na kwenye BOND waliochanganyiwa dawa hizo mbili walioitikia walikuwa asilimia 22.9. Kipimo hakikutenganisha mtu na mtu.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba cha kupima kilijulikana zamani. Makundi mawili yalichapisha kwenye jarida la Nature mwaka 1987 kwamba jeni za ras hubadilika mara nyingi katika saratani ya utumbo mpana. Mwaka uliofuata Bert Vogelstein na wenzake wa Johns Hopkins walipitia sampuli 172 na kukuta ras iliyobadilika katika karibu nusu ya saratani. Vogelstein hakuwa na dawa ya kuuza. Aliuliza kwanza ni nini kimeharibika, na kwa mpangilio gani. Siku hizi kampuni huja na dawa mkono mmoja na kipimo chake mkono wa pili, nasi tunapiga makofi.

KRAS, mojawapo ya jeni hizo za ras, iko chini ya EGFR katika mnyororo wa ishara. Ikibadilika, inabaki imewaka yenyewe, na kuziba kipokezi cha juu ni kufunga geti wakati mwizi yuko jikoni anakaanga mayai. Ilibidi tungoje 2006, ambapo Lièvre na wenzake wa Ufaransa walipima wagonjwa 30 tu: kati ya 11 walioitikia cetuximab hakuna aliyekuwa na KRAS iliyobadilika, na 13 wenye mabadiliko hayo hakuna aliyeitikia. Thelathini! Vipande vilevile vilivyokatwa ili vipakwe rangi vingeweza kutolewa DNA. Mtafiti Karapetis na wenzake walipoleta takwimu kubwa 2008, wenye KRAS nzima waliopewa cetuximab waliishi miezi 9.5 kwa wastani wa kati, dhidi ya 4.8 ya wasiopewa. Wenye KRAS iliyobadilika: 4.5 dhidi ya 4.6. Hao ndio waliobeba upele wa uso na kifua unaoletwa na dawa hiyo, bila faida, kwa idhini kamili.

Hata hapo tukapima nusunusu, kipande kimoja tu cha jeni ya KRAS, eksoni ya 2. Jaribio la PRIME, katika uchambuzi wa 2013, lilionyesha kwamba asilimia 17 ya waliohesabiwa salama walikuwa na mabadiliko ya RAS kwingineko, na kwa ujumla wenye RAS iliyobadilika walioongezewa panitumumab, dawa ya aina ya cetuximab, juu ya tiba ya kemikali ya FOLFOX4 waliishi miezi 15.6, ilhali waliopata FOLFOX4 pekee waliishi 19.2. Hapo dawa ilikuwa inawapunguzia maisha.

 

Julai 2012 FDA iliipa cetuximab kibali cha kutumika tangu mwanzo wa tiba, safari hii pamoja na kipimo cha KRAS. Nenda kasome masharti yake: KRAS isiwe imebadilika, na uvimbe uonyeshe EGFR.