Miongozo ya Sahani za Bluzi: Hukumu ni ya Nani?

Kila atungaye kitabu cha kuwaongoza wasikilizaji wa sahani za santuri hujitwika kazi mbili kwa pamoja, kazi ya karani na kazi ya kadhi. Karani huandika kilichopo. Kadhi huamua kipi ni chema na kipi ni duni. Kazi ya kwanza ina ushahidi wake, nayo yaweza kusahihishwa na mtu yeyote mwenye sahani mkononi. Kazi ya pili ni ngumu zaidi, maana msikilizaji mgeni huipokea kwa imani tu. Katika makala haya nakusudia kuichungua kazi hii ya pili kwa kuitazama bluzi, yaani nyimbo za Wamarekani weusi zilizoanza kutiwa katika sahani mwaka 1920. Nimeichagua kwa kuwa wale walioinunua kwanza na wale walioihukumu baadaye walikuwa watu mbalimbali kabisa. Tena swali litokalo hapo lamhusu pia kila mwenye kuhariri tungo za kale, ziwe za lugha yoyote.

Kazi ya ukarani ilifanywa vema sana. Katika miaka ya 1960 R. M. W. Dixon na John Godrich walitoa orodha ya sahani za bluzi na za nyimbo za dini za Wamarekani weusi. Wanachuoni wa lugha wamjua Dixon kwa kazi yake juu ya lugha za wenyeji wa Australia, na katika orodha hii yaonekana tabia ileile ya mtu wa sarufi: tarehe, mahali, ala, na nambari ya kila sahani, bila sifa wala lawama. Toleo la nne, lililotoka mwaka 1997, ambalo Howard Rye alishiriki kulitengeneza, laeneza kazi hiyo tangu 1890 hadi 1943. Orodha hii ni kama kamusi: haimwambii mtu apende nini, lakini bila yake hakuna awezaye kusema neno la hakika.

Kazi ya ukadhi yaonekana wazi katika mwongozo wa Penguin wa sahani za bluzi uliotolewa mwaka 2006 na Tony Russell na Chris Smith pamoja na wenzao. Waimbaji wamepangwa kwa alfabeti. Sidii zao zaelezwa, kisha zapewa nyota. Watungaji ni watu waliosikiliza sana, na maelezo yao humwokolea mnunuzi fedha na wakati. Sikusudii kuitweza kazi yao. Nauliza tu: nyota hiyo yapewa kitu gani? Yapewa mwimbaji, au wimbo, au ufundi wa yule aliyezisafisha sauti za kale, au mpango wa mfanyabiashara aliyezikusanya nyimbo hizo pamoja?

Swali hili si la ubishi mtupu. Sahani za zamani, zilizozunguka mara 78 kwa dakika, zilichukua wimbo wa dakika tatu hivi kila upande. Mnunuzi wa mwaka 1928 alipata nyimbo mbili, akazipiga nyumbani kwa majuma mengi, akawaita jirani wasikilize na kucheza, kisha akingoja mpaka mwimbaji yule atoe nyingine. Leo kazi yote ya mwimbaji yaweza kutiwa katika sidii chache. Kampuni ya Document, iliyoanzishwa na Johnny Parth wa Austria, ilifanya hivyo kwa waimbaji wengi mno, ikizifuatisha nyimbo kwa tarehe zilizorekodiwa. Ni hazina kubwa kwa mtafiti. Lakini msikilizaji anayezipokea nyimbo ishirini na zaidi kwa kikao kimoja hulalamika upesi kwamba zote zafanana, na mhakiki huandika kwamba mwimbaji huyu ana upungufu wa mbinu. Upungufu huo haukuwa wa mwimbaji. Ni kama mtu ayachukue mashairi yote ambayo mshairi mmoja aliyapeleka katika Mambo Leo kwa muda wa miaka kumi, ayasome usiku mmoja, kisha amlaumu kwa kurudia mizani ileile.

Kuna kosa jingine lililo karibu na hilo, nalo lahusu upya wa maneno. Ubeti wa bluzi ulio wa kawaida una mshororo unaoimbwa, ukarudiwa, kisha ukaja mshororo wa tatu wenye kina cha kuujibu. Mishororo mingi ilikuwa mali ya wote. Ilihama kutoka kinywa hadi kinywa na kutoka mji hadi mji. Mhakiki aliyelelewa kuthamini kitabu na jina la mwandishi huusikia mshororo aliousikia kwa mwingine, akasema huu ni wizi au ni uvivu. Bali wasikilizaji wa kwanza hawakuuliza nani aliyeutunga. Waliuliza kama umetiwa mahali pake, na kama umesemwa kwa namna iliyowagusa. Sisi tuliozoea methali katikati ya utenzi hatuhitaji kufundishwa jambo hili.

Sasa tuuangalie mfano ulio mkubwa kuliko yote. Robert Johnson alirekodi nyimbo 29 mjini San Antonio mwaka 1936 na Dallas mwaka 1937, akafa mwaka 1938. Wimbo wake mmoja, Terraplane Blues, uliuzwa kwa kiasi, nyingine hazikuvuma. Mwaka 1961 kampuni ya Columbia ilikusanya nyimbo 16 katika sahani moja kubwa, ikaipa jina la King of the Delta Blues Singers. Jina lile lilikuwa hukumu kamili: lilimtawaza mfalme mtu ambaye raia wake hawakupata kusikia habari za ufalme huo. Tangu hapo vijana wa Uingereza na Marekani walijifunza gita kutoka kwake, na mkusanyo wa kazi zake zote uliotoka mwaka 1990 uliuzwa zaidi ya nakala milioni moja.

Tumlinganishe na Leroy Carr wa Indianapolis. Mwaka 1928, akipiga piano na mwenzake Scrapper Blackwell akipiga gita, Carr alirekodi How Long, How Long Blues. Wimbo ule uliuzwa sana, na waimbaji wengi wakaufuata utulivu wa sauti yake. Johnson mwenyewe alikuwa mmoja wao: Love in Vain, aliyoirekodi mwaka 1937, yafuata kwa karibu sana tuni ya When the Sun Goes Down ya Carr ya mwaka 1935. Hata hivyo wanaomtaja Carr leo ni wachache mno kuliko wanaomtaja mwanafunzi wake. Sababu ni nini? Carr huimba kwa upole, maneno yake yasikika wazi, na piano yake ni ya mjini. Msikilizaji wa miaka ya 1960 alitafuta mtu wa shamba, mpweke, mwenye sauti ya kukwaruza na maisha ya siri. Carr hakumfaa. Elijah Wald alilieleza jambo hili kwa urefu katika kitabu chake cha mwaka 2004, na hoja yake kubwa haijapinduliwa.

Ladha hiyo ina historia. Samuel Charters alipotoa kitabu chake The Country Blues mwaka 1959, aliwapa nafasi kubwa waimbaji walionunuliwa na watu weusi wenyewe. Wakusanyaji wa sahani hawakuridhika. Mmoja wao, James McKune wa Brooklyn, alikuwa amekwisha kumweka Charley Patton juu ya wote, na jamaa zake wa kampuni ya Origin Jazz Library walitoa mkusanyo wao na kuuita Really! The Country Blues, kana kwamba ule wa Charters haukuwa wa kweli. Sahani walizozipenda mara nyingi zilikuwa zile zilizo adimu. Lakini uadimu ni habari ya soko tu. Sahani huwa adimu kwa kuwa wachache waliinunua, au kwa kuwa ilivunjika. Wala haiongezi sauti ya mwimbaji hata chembe.

Hapo mtu atanipinga, na haki yake asikizwe. Je, nasema ya kuwa wingi wa wanunuzi ndio uamuzi wa mwisho? La. Skip James alirekodi kwa kampuni ya Paramount huko Grafton, Wisconsin, mwaka 1931, wakati wa dhiki kuu ya uchumi, ambapo watu hawakuwa na senti za kununulia sahani. Nyimbo zake zilipotea machoni mwa watu hata alipotafutwa na kupatikana mwaka 1964. Kama tungeshika hesabu ya mauzo tu, tungemtupa mmoja wa waimbaji wa ajabu kabisa. Tena mauzo yenyewe hayakuwa kura huru. Kampuni ndizo zilizochagua nani arekodiwe na wimbo gani utolewe. Kwa hiyo mhakiki ana ruhusa ya kutofautiana na wanunuzi wa kwanza. Asilo na ruhusa nalo ni kuifanya hukumu yake ionekane kuwa ndiyo hukumu yao.

Litazamwe pia jambo la usikivu. Sahani za Paramount zilitengenezwa kwa mchanganyiko hafifu, na nyimbo kadha za Patton zatufikia kupitia nakala zilizochakaa kwa sindano. Mvumo ule tunaousikia haukuwamo siku sahani ilipotoka dukani. Anayesifu ukali wa sauti kwa nakala kama hizo huenda asifu, kwa sehemu, uchakavu. Jambo hili latuhusu karibu zaidi ya tunavyodhani. Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, mwaka uleule wa sahani ya Carr, kwa ufundi wa namna ileile. Shaaban Robert alipouandika wasifu wake, alikuwa na mashahidi waliomsikia Siti akiwa hai. Atakayemhukumu Siti kwa sahani tu, bila mashahidi hao, atakuwa ameihukumu sahani.

Basi ni nini tumdai mtungaji wa mwongozo? Kwanza, aitenganishe hukumu ya mwimbaji na hukumu ya nakala, na zote mbili na hukumu ya mpango wa sidii. Pili, aseme wimbo ulipokewaje na watu wake, kama ushahidi upo, kabla ya kusema yeye mwenyewe waupokeaje. Tatu, uadimu autaje katika orodha, asiutie katika sifa. Nne, apimapo maneno, apime kwanza kama ameyasikia sawasawa. Madai haya hayamnyang'anyi kadhi kiti chake. Yamtaka ataje tu sheria anayohukumu kwayo. Vitabu vya namna hii husomwa na wale wachaguao nyimbo zipi zitolewe upya na sahani zipi zihifadhiwe. Mwimbaji aliyenyimwa nyota kwa kosa la msikilizaji yumo hatarini ya kunyimwa hata rafu ya maktaba, na akisha kutoweka huko, hakuna mhakiki wa baadaye atakayeweza kumtendea haki.