Kasi na Dupleksi: Mapatano ya Ncha Mbili za Waya

Ziko hitilafu za mtandao ambazo hujidhihirisha mara moja, kwa waya uliokatika au swichi iliyoungua, na ziko nyingine ambazo hukaa ndani ya ofisi miezi mingi zikila wakati wa watumishi pasipo mtu kuzitambua, kwa sababu kila kipimo cha haraka kinachofanywa hushuhudia kuwa hazipo. Hitilafu ya dupleksi baina ya seva na swichi ni katika jamii hii ya pili, na nia ya makala haya ni kueleza jinsi moja ya namna hiyo ilivyofuatwa, ikabainika na kuondolewa, katika ofisi moja ya hapa Kamina, mji ambao tangu 2015 ni makao makuu ya jimbo la Haut-Lomami.

Malalamiko ya watumishi yalikuwa haya: kufungua orodha ya mafaili yaliyomo katika seva ni kazi ya kufumba na kufumbua, barua fupi hufika bila taabu, lakini faili kubwa la hati zilizopigwa skani likianza kunakiliwa, mwendo huanguka, husimama, huinuka kidogo, kisha husimama tena. Lawama zote zilielekezwa kwenye intaneti ya setilaiti, ilhali faili lile lilikuwa likisafiri kutoka chumba kimoja hadi cha pili, wala halikutoka nje ya jengo hata kwa hatua moja. Jambo hilo peke yake, lau lingezingatiwa tangu mwanzo, lingetosha kuielekeza akili kwenye waya, kadi na swichi.

Seva ile huendeshwa kwa Linux, na amri ya kuiuliza kadi ya mtandao hali yake ni fupi: `ethtool eno1`, ambapo eno1 ni jina la kadi yenyewe. Jibu lilikuwa na mambo matatu yenye uzito. Kasi ni megabiti 100 kwa sekunde. Dupleksi ni kamili. Mapatano ya otomatiki yamezimwa. Mtu asomaye haraka huridhika na mawili ya kwanza, kwani hakuna asiyependa dupleksi kamili, ambayo maana yake ni kusema na kusikia kwa wakati mmoja. Lakini lile la tatu ndilo lililokuwa ufunguo wa kesi. Amri ya pili, `ethtool -S eno1`, hutoa hesabu za makosa, na humo ilionekana kuwa idadi ya fremu zilizopokewa zikiwa zimeharibika, zisizolingana na namba yao ya uhakiki, ilipanda kila faili kubwa liliponakiliwa, na ikatulia kila mtandao ulipotulia.

Upande wa pili wa waya palikuwa na swichi ndogo ya mezani, ya aina isiyo na mahali pa kuandikia amri wala pa kusomea hesabu. Swichi za namna hiyo huacha mapatano ya otomatiki yakiwa wazi sikuzote, kwa kuwa hakuna njia ya kuyafunga. Basi ncha moja ilikuwa imeamriwa kwa mkono, na ya pili ilikuwa ikingoja mazungumzo ambayo hayakuja.

Ili kuona kwa nini hali hiyo huzaa madhara, yafaa kurudi nyuma kidogo. Mwaka 1973, katika maabara ya Xerox huko Palo Alto, Marekani, Robert Metcalfe na David Boggs walianza kuujenga mtandao uliokuja kuitwa Itheneti, ambao mashine zake zote ziliunganishwa kwenye kebo moja. Na maadamu kebo ni moja kwa wote, hapakuwa na budi ila kila mashine isikilize kwanza, iseme panapokuwa kimya, na ikisikia mawimbi ya mwingine yamechanganyika na yake, ikatize usemi, ingoje muda wa kubahatisha, kisha ijaribu upya. Huko ndiko kupokezana zamu, nusu dupleksi kwa jina lake la kitaalamu. Kanuni ya 1990 ya nyaya zilizosokotwa ilitenga jozi moja ya nyaya kwa kutuma na jozi nyingine kwa kupokea, na swichi zilipoenea, kila mashine ikiwa na waya wake peke yake, ile haja ya kupokezana ilitoweka. Ndipo kanuni ya 802.3x ya mwaka 1997 ikauhalalisha usemi wa pande mbili kwa wakati mmoja.

Lakini vifaa vya zamani havikutoweka kwa kuandikwa kanuni mpya, na waliobuni Itheneti ya megabiti 100 mwaka 1995 walilijua hilo vyema. Kwa ajili hiyo kanuni yao, 802.3u, ilileta mapatano ya otomatiki, ambayo mimi huyahesabu kuwa miongoni mwa kazi za busara kubwa kabisa katika fani hii. Kabla ya kuanza kazi, kila ncha hutuma mafungu ya mapigo mafupi ya umeme, takriban kila baada ya milisekunde 16. Kila fungu lina mapigo 17 ya kuhesabia wakati, na baina yake mna nafasi 16, ambamo pigo likiwapo ni 1 na lisipokuwapo ni 0. Katika biti hizo 16 kila ncha hutangaza kasi inazoziweza na aina za dupleksi inazozijua, na zote mbili huchagua lililo bora katika yale zinayoshirikiana.

Je, ikiwa ncha moja imenyamazishwa, kama seva yetu ilivyokuwa? Ncha hiyo haitumi mafungu yale ya mapigo. Hutuma tu mawimbi yake ya kawaida ya kazi. Ncha ya pili, kwa kuyatazama umbo lake, huweza kuitambua kasi, kwa kuwa mawimbi ya megabiti 10 hayafanani na ya megabiti 100. Lakini hakuna chochote ndani ya mawimbi hayo kinachotaja dupleksi. Hapo kanuni huamuru kuwa ncha isiyoambiwa kitu ichukue nusu dupleksi. Wako mafundi wanaoilaumu amri hiyo, nami siafikiani nao, kwa sababu vifaa visivyojua kuzungumza vilivyokuwapo wakati ule, hasa habu za zamani, aghalabu vilikuwa vya kupokezana zamu, na kumdhania asiyejibu kuwa ana uwezo mkubwa ni hatari zaidi kuliko kumdhania kuwa ana mdogo. Kosa halimo katika kanuni. Limo katika kuinyamazisha ncha moja na kuiacha nyingine ikisikiliza.

Mkazi wa Kamina hahitaji kwenda mbali ili kulielewa jambo hili, kwa kuwa mji wake ni njia panda ya reli: njia moja huelekea Lubumbashi, ya pili Ilebo, na ya tatu Kabalo na Kalemie. Hii ya tatu iliunganishwa mwaka 1956, baada ya reli ya upande wa Maziwa Makuu, iliyokuwa na upana wa milimita 1,000, kupanuliwa hadi milimita 1,067 za Katanga. Upana wa reli ndiyo kasi ya mtandao: zisipolingana hakuna behewa linalopita, taa ya kadi haiwaki, na kila mtu hujua palipoharibika. Dupleksi ni jambo jingine. Baina ya stesheni mbili zenye njia moja, wakuu wake sharti wapatane treni ipi itangulie. Na ikiwa mmoja wao ameshikilia kuwa njia ni mbili, atazituma treni zake saa yoyote aipendayo, ilhali mwenzake, aliyeishika kanuni kwa uaminifu, ndiye atakayekuta njia imezibwa kila atokapo. Siku yenye treni chache haidhihirishi kitu. Siku ya msongamano ndiyo itoayo ushahidi.

Na hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa seva. Yenyewe, ikijiona katika dupleksi kamili, hutuma fremu bila kungoja. Swichi, ikiwa katikati ya kutuma fremu yake, husikia mawimbi yakija, huhesabu kuwa ni mgongano, na hukatiza usemi. Seva hupokea kipande cha fremu kisicho kamili, hukikagua, hukitupa, na hapo ndipo hesabu ya makosa hupanda. Mgongano ukitokea ndani ya baiti 64 za mwanzo, ambazo kwa kasi ya megabiti 100 huchukua mikrosekunde 5.12 tu, swichi hurudia fremu yake upesi na hasara ni ndogo. Ukitokea baada ya hapo, huwa ni mgongano uliochelewa, na fremu huachwa ipotee. Kazi ya kugundua kuwa imepotea huwa ya itifaki ya TCP iliyo juu yake, ambayo mara nyingi hungoja walau milisekunde 200 kabla ya kutuma tena, kisha hupunguza mwendo wake kwa kudhani kuwa njia imejaa. Katika milisekunde hizo 200, waya wa megabiti 100 ungaliweza kupitisha fremu kubwa zaidi ya 1,600. Hapo ndipo asubuhi za watumishi zilipokuwa zikipotelea.

Fauka ya hayo, ushahidi wenyewe umegawanyika. Fremu zilizoharibika huhesabiwa upande wa dupleksi kamili, na migongano iliyochelewa upande wa nusu dupleksi; aliye na swichi bubu huona nusu ya habari tu. Na kipimo cha pingi, ambacho ndicho cha kwanza kumjia kila mtu, ni shahidi asiyefaa hapa, kwa kuwa pingi hutuma ombi moja, hungoja jibu, kisha hutuma jingine. Pande mbili hazisemi pamoja kamwe, basi hazigongani. Kunakili faili ni kinyume chake: data huenda upande mmoja ilhali risiti za kupokelewa zinarudi upande wa pili, bila kukoma.

Dawa ilionekana kuwa nyepesi: kuyawasha mapatano kwa amri ya `ethtool -s eno1 autoneg on`. Amri hiyo ilitolewa mbele ya seva yenyewe, wala si kutoka mbali, na hilo nalisisitiza, kwani kiungo hukatika kwa sekunde chache kila mipangilio ibadilishwapo, na anayeifanya kazi hiyo akiwa Lubumbashi kupitia kadi ileile anayoibadilisha aweza kujifungia nje na kulazimika kusafiri mamia ya kilomita. Hata hivyo, amri ilipotolewa, taa ya kadi iliwaka, ikazimika, ikawaka tena, na kiungo hakikutulia.

Hapo ndipo sababu ya asili ilipofichuka. Kebo ilipofunguliwa kwenye kichwa chake, ilikutwa nyaya nne tu kati ya nane zimebanwa, jozi mbili zile za pini 1, 2, 3 na 6. Kwa megabiti 100 jozi mbili zatosha. Kwa gigabiti zahitajika zote nne. Kadi na swichi, zote zikiwa na uwezo wa gigabiti, zilikuwa zikizungumza kupitia jozi hizo mbili nzima, zikipatana juu ya kasi ya 1,000, kisha zikishindwa kuitimiza. Fundi wa kwanza, kwa nia njema kabisa, alipoona kiungo hakitulii aliandika kwa mkono megabiti 100 na dupleksi kamili. Taa ikatulia, naye akaondoka. Ugonjwa wa waya ulifunikwa kwa mpangilio, na mpangilio ukazaa ugonjwa wa pili. Kebo ilibanwa upya kwa jozi zote nne, na `ethtool` ikajibu: megabiti 1,000, dupleksi kamili, mapatano yamewashwa.

Kazi haikuishia hapo, kwa kuwa amri ya `ethtool` hudumu hadi mashine izimwe tu, na katika mji ambao umeme hukatika, seva huwashwa upya mara nyingi. Mpangilio wa zamani ulikuwa umeandikwa katika wasifu wa muunganisho, na lau usingefutwa humo, hitilafu ingerudi mara tu umeme ukatikapo. Kwenye seva za Windows mahali pa kutazama ni katika sifa za juu za kadi, kwenye mstari wa kasi na dupleksi, ambao yafaa uachwe kwenye uchaguzi wa otomatiki.

Najua kuwa wako walimu waliofundisha kwa miaka mingi kuwa seva iliyo muhimu sharti iandikiwe kasi yake kwa mkono. Katika miaka ya 1990 mafundisho hayo yalikuwa na haki yake, kwani kadi na swichi za watengenezaji mbalimbali hazikuelewana sikuzote. Lakini kanuni ya gigabiti juu ya nyaya za shaba, iliyotoka mwaka 1999, iliyafanya mapatano kuwa ya lazima, kwa sababu ncha mbili hazina budi kuamua ni ipi itakayoongoza saa na ipi itakayoifuata. Anayetaka kweli kuipunguza kasi, pengine kwa sababu ya kebo mbovu ambayo haiwezi kubadilishwa wiki hii, asizime mapatano. Apunguze tu yanayotangazwa. Kwa `ethtool -s eno1 advertise 0x008` kadi huendelea kuzungumza, ila hutaja jambo moja: megabiti 100, dupleksi kamili. Swichi husikia, hukubali, na ncha zote mbili hujua zilichokubaliana.

Yabaki mazingira machache ambamo kuandika kwa mkono ni halali, hasa modemu au kigeuzi cha zamani ambacho kimeamriwa kasi na hakiwezi kufunguliwa. Hapo ncha zote mbili ziandikwe sawasawa, na maandishi yabandikwe kwenye kebo ili fundi ajaye ayaone kabla hajagusa kitu. Kisha kipimo kifanywe kwa `iperf3`, pande zote mbili zikisema kwa wakati mmoja, na hesabu za makosa zisomwe kabla na baada. Zikibaki palepale ilhali faili bado linachelewa, diski ya seva ndiyo ya kutazamwa baadaye.