Kuzuia Kinasi Si Kuua Saratani

Dawa inayozuia kinasi haiui seli ya saratani kwa mkono wake. Hukata amri inayoiambia seli iendelee kuishi, na baada ya hapo ni seli yenyewe inayojiua au kunusurika. Kinasi ni kimeng'enya kinachobandika fosfeti kwenye protini nyingine ili kuiwasha au kuizima. Katika saratani ya utumbo mpana yenye hitilafu ya jeni iitwayo BRAF V600E, kinasi ya BRAF haizimiki. Huiamsha kinasi ya MEK, nayo MEK huiamsha kinasi ya ERK, inayohimiza seli kugawanyika. Lakini ERK ina kazi nyingine: huibandika fosfeti protini ya BIM ili iharibiwe. BIM ikiachwa irundikane, huzishika BCL-2 na protini nyingine zinazoilinda seli. Hapo protini za BAX na BAK hutoboa utando wa mitokondria, saitokromu c huvuja, na vimeng'enya vya kaspesi huisambaratisha seli kutoka ndani.

Kwa mantiki hiyo, vemurafenib, dawa inayoizuia BRAF, ingefaa popote penye hitilafu hiyo. Haikuwa hivyo. Katika melanoma, saratani ya ngozi, uvimbe ulisinyaa kwa karibu nusu ya wagonjwa. Katika jaribio la wagonjwa 21 wa saratani ya utumbo mpana, ulisinyaa kwa mmoja tu. Mwaka 2012, kundi la René Bernards wa Taasisi ya Saratani ya Uholanzi, Amsterdam, lilitafuta sababu kwa kunyamazisha jeni za kinasi katika seli za utumbo mpana, ili kuona ni ipi ikikosekana dawa hushika. Ilikuwa EGFR, kinasi iliyo kwenye utando wa seli inayopokea ishara za ukuaji. ERK inapotulia, breki iliyokuwa ikiizuia EGFR nayo hulegea. EGFR huamka na kuirudishia seli amri ya kuishi. Seli nyingi za melanoma zina EGFR kidogo mno, hivyo hazina mlango huo wa nyuma. BRAF na EGFR zilipozuiwa pamoja, seli za utumbo mpana zilidhoofika kweli.

Yupo atakayesema kuwa kusimamisha ukuaji kunatosha. Hakutoshi, kwa kuwa seli iliyosimama bila kufa inaweza kuanza upya amri ikirudi. Mwingine atasema yanayotokea maabara hayatokei mwilini. Pingamizi hilo ni zito zaidi, na lilijibiwa na jaribio la BEACON mwaka 2019: encorafenib, dawa nyingine inayoizuia BRAF, pamoja na cetuximab, kingamwili inayoizuia EGFR, ilisinyaza uvimbe kwa asilimia 20 ya wagonjwa dhidi ya asilimia 2 ya waliopewa tiba ya kawaida, na muda wa kati (mediani) wa kuishi ukapanda kutoka miezi 5.4 hadi 8.4. Hata hivyo, kuongeza dawa ya tatu, inayoizuia MEK, hakukurefusha maisha katika takwimu za baadaye: waliopewa dawa tatu na waliopewa mbili wote walifikia miezi 9.3. Kuibana njia ileile kwa nguvu zaidi, basi, si lazima kulete vifo zaidi vya seli.

Kwa hiyo dawa mpya ya kinasi isipimwe kwa kuuliza tu kama imezima shabaha yake. Watafiti waonyeshe pia kama BIM imepanda, kama kaspesi zimeamka, na seli imebakiwa na njia gani ya kuponea. Na mgonjwa ambaye saratani yake ya utumbo mpana imesambaa apimwe BRAF kabla ya kuchaguliwa dawa.