Namba Kumi wa Mtandao Hafifu: Ujenzi na Uchezeshaji wa Kiungo Mshambuliaji katika eFootball, Kisangani

Kiungo mshambuliaji, yaani mchezaji anayefanya kazi kati ya viungo wa kati na mshambuliaji wa mwisho na ambaye mashabiki humwita namba kumi, ni mchezaji mgumu kumjenga katika eFootball, mchezo wa soka wa kampuni ya Konami ya Japani uliorithi nafasi ya Pro Evolution Soccer (PES) mwaka 2021 na ambao toleo lake la simu hupakuliwa bure. Ugumu huo unatokana na nafasi yenyewe, ambayo inadai karibu kila kitu kwa pamoja: pasi, chenga, mbio, shuti na pumzi ya kufika kipindi cha pili bila kulegea. Wajenzi wengi huanza na shuti na chenga, kwa kuwa hivyo ndivyo vinavyoonekana. Kwa anayecheza Kisangani, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, akiwa na simu mkononi na mega za kuhesabu, mpango huo haufai, na sababu zake zinaweza kuonyeshwa kwa hesabu.

Hesabu inaanzia kwenye pointi za maendeleo. Kila mchezaji anapopanda ngazi moja, mwenye timu hupewa pointi 2, hivyo mchezaji ambaye kikomo chake ni ngazi ya 30 huleta pointi 58, kwa kuwa ngazi ya kwanza haina kitu. Pointi hizo hugawanywa katika mafungu ya shuti, pasi, chenga, wepesi, nguvu za miguu, mipira ya juu na ulinzi, mbali na mafungu ya kipa, na kila fungu huinua sifa kadhaa kwa mpigo mmoja. Fungu la wepesi huinua hisia ya ushambuliaji, ambayo ndiyo inayomfanya mchezaji ajitafutie nafasi wakati kidole cha mwenye timu hakijamshika, pamoja na uchomokaji, yaani kasi ya hatua za mwanzo, na uwiano wa mwili. Fungu la nguvu za miguu huinua mbio, nguvu ya mpigo na pumzi. La pasi huinua sifa mbili tu, pasi za chini na pasi za juu.

Jambo linalopitwa haraka ni bei. Hatua 4 za kwanza za kila fungu hugharimu pointi 1 kila moja, 4 zinazofuata pointi 2, 4 za tatu pointi 3, na kuendelea hivyo, kiasi kwamba hatua 8 zinakula pointi 12, hatua 12 zinakula 24, na hatua 16 zinakula 40. Anayempandisha kiungo wake hadi hatua ya 16 katika shuti amekwisha kutumia zaidi ya theluthi mbili ya pointi zote 58, na hatua alizonunua mwishoni, kila moja kwa bei mara nne ya zile za mwanzo, haziongezi zaidi ya zile za bei nafuu. Mgawanyo wenye busara zaidi kwa mchezaji wa ngazi ya 30 ni hatua 8 za pasi kwa pointi 12, hatua 8 za chenga kwa 12, hatua 9 za wepesi kwa 15, hatua 7 za nguvu za miguu kwa 10, hatua 6 za shuti kwa 8, na pointi 1 inayosalia iende kwenye ulinzi. Wepesi unapewa hatua moja ya bei ghali kwa makusudi, kwa sababu uchomokaji na uwiano ndivyo vinavyomwokoa mchezaji anayepokea mpira huku beki akimpumulia mgongoni. Kadi ya mchezaji yenye shuti kubwa tangu mwanzo inaruhusu kuhamisha pointi 4 au 5 kwenda kwenye pasi. Isiyo na pumzi haifai kunyang'anywa chochote katika nguvu za miguu.

Mgawanyo huo ungekuwa suala la ladha tu kama kitufe kingetii mara tu kinapoguswa. Katika mechi ya mtandaoni, kila amri ya kidole husafiri hadi upande wa pili kabla ya tukio kukubalika pande zote, na safari hiyo hugharimu muda ambao hupimwa kwa milisekunde, yaani sehemu za elfu za sekunde. Kisangani iko katikati ya bara, mahali ambapo safari ya meli kutoka Kinshasa, yapata kilomita 1,700 za mto, huishia kwa sababu ya maporomoko ya Boyoma, na kebo ya WACS ya chini ya bahari inaingia nchini mbali sana, huko Muanda kwenye Atlantiki. Mwenye simu anategemea mnara wa karibu, idadi ya watu wanaoutumia saa hiyo, na umeme unaouendesha. Kuchelewa kwa milisekunde 150, ambako si jambo la ajabu kwenye data za simu, ni sawa na picha 9 katika mchezo unaoonyesha picha 60 kwa sekunde. Mchezaji anayekimbia mita 8 kwa sekunde husogea mita 1.2 katika muda huo, na mita 1.2 zinazidi urefu wa mguu wa beki anayenyoosha kuuchukua mpira.

Hapo ndipo chenga inapopoteza thamani yake. Chenga ni jibu: mwenye kucheza humwona beki akijitupa, kisha humgeuza mchezaji wake upande wa pili. Mtandao ukichelewa, jibu hilo linafika baada ya beki kumaliza kazi yake. Pasi ya mguso mmoja, kwa upande mwingine, ni uamuzi uliokwisha kufanywa mpira ukiwa bado njiani, na amri yake inaweza kutolewa mapema bila hasara. Kwa hiyo fungu la chenga halinunuliwi hapa kwa ajili ya mbwembwe. Linanunuliwa kwa sababu ndani yake mna udhibiti wa mpira na uwezo wa kuushika katika eneo finyu, sifa ambazo hufanya kazi zenyewe, kidole kikichelewa au kisichelewe. Hata nafasi za ujuzi wa ziada ambazo mchezo huruhusu zingefaa kutafutiwa kwanza pasi ya mguso mmoja na pasi ya kupenyeza, ndipo mitindo ya kuzungusha miguu ifuate.

Wanaobisha hoja hii mara nyingi wamejifunzia vyumba vya michezo, ambako pedi mbili huchomekwa kwenye PlayStation moja mbele ya televisheni moja na kuchelewa kwa mtandao hakupo kabisa. Huko chenga inalipa, na mkono uliolelewa kwenye PES 2014, toleo la mwisho la mfululizo huo kutolewa kwa PlayStation 2, una haki ya kuiamini. Shida ni kwamba tabia hiyo inahamishiwa kwenye simu bila kupimwa upya.

Baada ya pointi kuna mtindo wa uchezaji, yaani tabia iliyoandikwa ndani ya kadi, ambayo huamsha mienendo fulani mchezaji akipangwa katika nafasi inayoikubali. Soka la Kongo lina watu wawili wanaosaidia kuieleza tofauti yake. Trésor Mputu wa TP Mazembe, aliyetajwa mchezaji bora wa CHAN ya kwanza, michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, ambayo Kongo iliitwaa nchini Côte d'Ivoire mwaka 2009, alikuwa namba kumi wa kuingia: mpira ukiwa kwa mwenzake, yeye alikuwa tayari anaelekea langoni. Gaël Kakuta, mwenye mguu wa kushoto, aliyezaliwa Lille na kuchagua kuichezea Kongo baada ya kupitia timu za vijana za Ufaransa, ni wa kutengeneza: hurudi kidogo, hugeuka, hutafuta pasi ya mwisho. eFootball ina mtindo wa mpenyaji unaolingana na wa kwanza, na mtindo wa mbunifu unaolingana na wa pili, pamoja na namba kumi wa kizamani asiyekimbia sana, ambaye ni mzuri kumtazama lakini humfanya mwenye mtandao hafifu afanye kazi yote kwa kidole. Mpenyaji ndiye anayefaa zaidi, kwa kuwa mwendo wake unaongozwa na kompyuta na hauhitaji amri. Kidole kinabaki na kazi moja, kutoa pasi.

Namna ya kumchezesha inaonekana vizuri katika tukio moja la kawaida. Mpira uko kwa beki wa kati wa kushoto, na timu imepangwa kwa mabeki 4, viungo 2 wa chini, namba kumi mmoja na washambuliaji 3. Kosa la kawaida ni kumpigia namba kumi moja kwa moja, naye akaupokea akiwa amelipa mgongo lango la wapinzani na kiungo mkabaji wao akiwa amemganda. Njia iliyo bora ni kumpa mpira kiungo wa chini wa kulia, ambaye yuko upande wa pili wa uwanja; kiungo mkabaji wa wapinzani husogea kumfuata, na nyuma yake hufunguka nafasi kati ya mstari wa viungo na mstari wa mabeki. Namba kumi huingia humo akiwa ameuelekeza mwili pembeni, na kabla mpira haujamfikia mwenye kucheza anakuwa ameshagusa kitufe cha pasi ya kupenyeza kuelekea kwa winga wa kushoto anayekatiza ndani. Beki wa kulia wa wapinzani, ambaye bado anatazama upande ulikotoka mpira, hugeuka akiwa amechelewa, na safari hii kuchelewa ni kwake. Winga akiingia kisandukuni, namba kumi mpenyaji huwa amefika ukingoni mwake bila kuitwa, na ndipo zile hatua 6 za shuti zinapopata kazi: mpigo wa chini, wa karibu, usiohitaji mzunguko wa ajabu.

Upande wa ulinzi, pointi ile 1 haimfanyi namba kumi kuwa mkabaji, na kumtuma kunyang'anya mpira kwenye mtandao unaochelewa ni kumpelekea mwamuzi faulo. Kinachofaa ni kumsimamisha kwenye njia ya pasi kati ya beki wa kati wa wapinzani na kiungo wao mkabaji, kisha kumkabidhi mchezaji mwingine kazi ya kukaba. Mpenyaji hukimbia sana, na kati ya dakika ya 60 na ya 70 mstari wa pumzi yake huwa umeshuka; mbadala mwenye mtindo uleule, hata akiwa na alama za jumla chini yake, hufaa kuliko kumwacha uwanjani, kwa kuwa mpenyaji aliyechoka hufika ukingoni mwa kisanduku wakati winga ameshapiga.